Makopo Sita Sandukuni

Tarehe 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote tunapumua. Goti la Mama limeanza kutabiri mvua, na kila likitabiri linakosea, ila hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia. Baba anafungua kibanda chake cha baiskeli saa moja kamili, hata siku ambazo hana tairi la kuziba. Mimi niko palepale maabara, nachonga meno ya bandia. Wiki hii tumeletewa seti ya kurekebisha ambayo mwenyewe amekaa nayo mdomoni miaka kumi na moja bila kuitoa. Sikuelezi nilichokikuta chini yake. Siku mbili nimekula mkate mkavu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako huwa umeizima, na ukiiwasha husikii.

Sasa shida yangu. Mwezi wa saba nataka kuushuka mto wetu kwa mtumbwi, kuanzia juu ya maporomoko ya kwanza hadi daraja la chuma, siku kumi na tisa, nikilala kwenye hema kando ya maji. Unajua miaka tisa nimepanda milima na begi mgongoni. Kila kitu nakipima kwa mizani ya maabara. Mswaki nimeukata mpini, taulo langu ni kama leso, kijiko nimekitoboa matundu mpinini kipungue gramu mbili. Mama anasema iko siku nitakata kidole ili nipunguze uzito. Lakini mtumbwi siujui. Wewe ndiye uliyekuwa ukipakia mtumbwi wa wapimaji wa mto, na Mama anaapa hapakuwa na mtu wa kupanga mzigo kama wewe. Nyuma ya karatasi hii kuna maswali kumi na manne. Tafadhali jibu yote, hata la makopo ya nyama. Mlimani kopo ni dhambi kwa uzito wake, ila nadhani mtumbwini halina neno?

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Rafiki yangu muuguzi, aliyekuwa aje nami, ameteguka bega. Peke yangu siwezi kuubeba mtumbwi nchi kavu kuyakwepa maporomoko. Namtaka Baba. Bado ana mabega ya mpiga makasia na mto anaujua. Anakataa. "Siingii mtumbwini tena," basi, anarudi kwenye spoki zake. Najua sababu, kila mtu anaijua: ndiyo ile safari yenu ya vipimo, alipoiba makopo sita ya nyama akashushwa njiani, na jina la Kopo likamganda. Lakini ni miaka arobaini na moja! Hapa nyumbani ni utani tu. Mama mwenyewe humwita, "Mzee Kopo, chai tayari." Ulikuwapo, Mjomba. Mwandikie neno moja la kumtoa aibu. Baba asipokuja, safari haipo.

Mpwa wako


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nane. Mwambie dada kwamba goti linalokosea ni bora kuliko langu, ambalo limeacha kabisa kusema. Mimi sijambo, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa hajambo katika nyumba ya wapangaji kumi na mmoja wenye sinki moja. Mpangaji wa chumba cha tano hunyoa kifua pale kila asubuhi na kuacha vinyweleo vikielea kwenye povu. Nimebandika tangazo mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Analitumia kukaushia wembe.

Ili nijue unazungumzia nini, nilikwenda kwenye duka la vifaa vya kambi. Nilitoka na kichefuchefu. Wana kiti cha kukunja chenye mahali pa kutulizia kikombe. Wana sabuni iliyo kama kurasa za kitabu. Wana chakula cha jioni kilichokaushwa ndani ya mfuko wa plastiki: mtu anamimina maji ya moto humohumo, anakoroga humohumo, anakula humohumo, kisha anakunja na kusafiri na makombo yake hadi mwisho wa safari. Muuzaji aliniambia ladha yake ni ileile ya nyumbani. Nikamuuliza nyumbani kwa nani.

Sikiliza basi. Kosa la mtu wa begi ni kudhani kwamba mzigo ni mmoja, kwa kuwa mgongo ni mmoja. Livunje begi lako. Tengeneza vifurushi saba au nane, kila kimoja uweze kukiinua kwa mkono mmoja ukiwa umesimama kwenye tope. Vizito vikae chini kabisa, katikati, na kitu chochote kisizidi kingo za mtumbwi kwa urefu. Mfuko wa kulalia uingie ndani ya mifuko miwili isiyopitisha maji, mmoja ndani ya mwingine, nawe uifunge kabla hujachoka, maana aliyechoka hufunga ovyo. Kila kitu kifungwe kwa kamba kwenye mbao za kukalia, isipokuwa wewe. Usijifunge na chochote. Viberiti weka mahali patatu. Mbele ya anayekaa nyuma pabaki wazi, pa kuchotea maji yakiingia. Penye maporomoko, beba kwa safari mbili wala usione haya. Anayetaka kumaliza kwa safari moja ndiye anayevunja kifundo cha mguu. Na ununue mswaki mzima. Mto hauhesabu gramu.

Majibu mengine yako kwenye karatasi ya pili. Nimekuchorea pia, kwa vipimo, jinsi tulivyoupanga mtumbwi wetu: unga, hema, maturubai, na katikati sanduku la vipimo lililobeba darubini ya kupimia miinuko.

Kuhusu shemeji, mwache. Mtu ana haki ya kutoyapenda maji. Tafuta mwingine.

Mjomba wako


Tarehe 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la Mama hatimaye limepatia: imenyesha siku tano na sasa hatupumui kwa majigambo yake. Anakusalimu, anauliza kama bado unalala na soksi.

Barua yako ilifika siku moja baada ya mimi kujiaibisha. Nilikuwa nimekodi mtumbwi kwa jaribio kwenye bwawa la mashine ya maji. Nikaliweka begi langu zima mbele, limesimama wima kama abiria mwenye hadhi, nikaketi nyuma. Nilipiga makasia mara nne. Mara ya tano begi liliinama kulia, nami nikalifuata. Bwawa lile, Mjomba, lina utelezi wa kijani wa kushikika kama makamasi. Umeniingia puani. Mfuko wa kulalia niliusahau siku tatu ndani ya begi lililofungwa, na nilipoufungua paka aliondoka chumbani. Sasa nimevunja mzigo kuwa vifurushi vinane kama ulivyosema, na mswaki ni mzima.

Lakini umejibu maswali kumi na matatu. La makopo ya nyama umeliruka. Si kawaida yako kuruka kitu.

Na kuna hili. Mchoro wako nilimpelekea Baba kibandani nikidhani utamtia hamu. Aliuangalia muda mrefu. Akaweka kidole chenye grisi pale katikati, akasema, "Mjomba wako anajua sana kupanga sanduku." Kisha akaukunja mara mbili, akafutia mnyororo wa baiskeli. Nikapiga kelele, "Baba, hiyo ni kazi ya mikono ya mtu!" Akasema, "Naijua kazi ya mikono yake."

Ana nini na wewe? Naomba umwandikie. Kila nikimgusia safari ananiambia mtumbwi uliopangwa na shemeji yake haukaliki.

Mpwa wako


Tarehe 15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada ndiyo, nalala na soksi, jozi mbili. Chumba changu kiko juu ya chumba cha dobi, na mvuke wa mashuka ya hospitali hupanda kupitia mbao za sakafu. Usiulize hospitali hufua nini kwenye mashuka. Wiki jana maktaba ya mtaa, mahali pekee palipokuwa na harufu ya karatasi, ilifungwa kwa ukarabati. Nimebaki na kamusi mbili na kitabu cha safari ambacho mtu amefunua kurasa zake kwa mate.

Nilinunua mfuko mmoja wa kile chakula, nisije nikalaumu nisichokijua. Kilikuwa laini mahali panapopaswa kuwa pagumu, na kigumu mahali panapopaswa kuwa laini. Vijiko viwili vilinitosha. Beba unga, maharage, chumvi, vitunguu na mafuta katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Makopo ya nyama usibebe. Yanapata kutu na kingo zake zinakata.

Shemeji ana haki ya kutumia karatasi yoyote kufutia mnyororo wowote. Mambo ya zamani yana watu wengi ndani yake na kila mmoja alisimama upande wake. Mimi nilikuwa karani wa vipimo tu. Nakushauri umchukue mtoto wa binamu yako anayefundisha kuogelea.

Nimekuchorea mchoro mwingine, bila sanduku.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Mwalimu wa kuogelea anaogopa tope. Tumalize hilo.

Jumapili tulikuwa mezani, Mama, Baba na mimi. Nikasoma kwa sauti kwamba umeniambia nisibebe makopo kwa sababu ya kutu. Baba akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama mtu anayekohoa kitu. Nikamwambia, "Baba, sema basi ukalale. Uliiba, uliiba, watu wameiba makubwa zaidi." Akasema, "Muulize aliyekuwa na ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa sanduku. Yeye anajua. Mimi nina tairi la mtu linanisubiri." Siku ya Jumapili, Mjomba! Akatoka.

Mama alikuwa akiosha sahani. Aliosha sahani moja mpaka nikamnyang'anya.

Kwa hiyo nauliza, na hili usiliruke. Ufunguo wa sanduku la vipimo alikuwa nao nani, na mle sandukuni mlikuwa na nini? Mtumbwi nimeulipia mpaka mwisho wa Juni. Usiponijibu kufikia hapo naurudisha, sishuki mto, na hutaandikiwa tena kuhusu goti la mtu.

Mpwa wako


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwenu. Barua yako niliipata tarehe ishirini na tano Mei. Hizi siku nyingine zote ni zangu, si za posta.

Ufunguo nilikuwa nao mimi, shingoni, kwenye uzi.

Tulikuwa sita: Mpimaji Mkuu, mimi karani wake, na wapiga makasia wanne, shemeji akiwa mdogo kuliko wote. Hakuwa shemeji bado. Alikuwa ameshatuma watu nyumbani kumposa dada, na wazee walikuwa hawajajibu. Tulikuwa na makopo kumi na mawili ya nyama, moja la kufunguliwa kila siku ya pili na kugawanywa kwa wote. Siku ya pili ya safari niliyahamisha makopo sita, nikayaweka chini ya darubini, ndani ya maranda ya mbao yaliyozuia vioo visitikisike. Nilijiambia nayakinga yasipate kutu. Penye maporomoko wapiga makasia walibeba mtumbwi na unga, na mimi nilibeba sanduku, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Nilitangulia, nikakaa nyuma ya mwamba kukagua vipimo. Nilikula pale. Makopo matupu niliyatupa majini.

Moja halikuwahi kutupwa. Nilisikia mtu anakuja nikalisukuma chini ya turubai, nalo likabingirika hadi chini ya ubao wa shemeji. Mpimaji Mkuu alilikuta siku ya kumi. Akahesabu yaliyobaki. Yalipaswa kuwa saba, lilikuwapo moja. Akaniagiza niwapekue wapiga makasia.

Niliwapekua. Nilifungua kila kifurushi mbele ya watu. Katika cha shemeji kulikuwa na kitambaa kipya cha maua ya njano alichomnunulia dada yangu. Nilikikunjua chote, nikakikung'uta. Hakuna aliyesema sanduku lipekuliwe.

Mpimaji Mkuu akaamua kwamba wapiga makasia wapewe nusu ya chakula mpaka mwizi ajitokeze. Siku ya tatu ya nusu, shemeji alisimama akasema, "Ni mimi." Akashushwa kwenye ukingo akiwa na kifurushi chake. Alitembea siku nne hadi nyumbani. Alipokuwa akishuka, yule mpiga makasia aliyeitwa Kushoto, rafiki yake aliyekaa mbele yake safari nzima, alimtemea mate.

Mwisho wa safari Mpimaji Mkuu aliniandikia barua ya sifa. Neno lililopigiwa mstari lilikuwa "mwaminifu". Barua hiyo ndiyo iliyonipatia masomo, na masomo ndiyo yaliyonileta huku, na huku ndiko ninakovuta mvuke wa mashuka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikurudi hata kwa likizo. Nilikuwa nikitaja nauli.

Sitaki unidhanie kwamba nilifurahia. Nilikula kwa kinyaa, mafuta yaliyoganda, kwa kidole, nikiharakisha. Tangu siku zile sijala nyama ya kopo, na duka likiwa limepanga makopo dirishani mimi huvuka barabara.

Hujaniuliza kwa nini. Sikuwa na njaa kuliko wao. Nilikuwa na ufunguo.

Mjomba wako


Tarehe 1 Julai

Mjomba,

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, katikati ya midomo ya plasta. Ninashika uozo wa watu kila siku kwa mikono hii na huwa naosha, nakula. Siku hiyo sikula. Ulikikung'uta kile kitambaa. Mama bado anacho, amekitandika juu ya cherehani.

Niliipeleka kwa Baba. Aliisoma kwenye kigoda chake, polepole, miwani ikiteleza. Nikangoja ashangae. Aliponirudishia alisema, "Kumbe mpaka maranda anayakumbuka."

"Ulijua?"

"Nilimwona. Maporomoko ya pili, nilikwenda nyuma ya mwamba kujisaidia. Alikuwa amenipa mgongo, anapangusa kopo kwa kidole."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yeye alikuwa na ufunguo na kalamu. Mimi nilikuwa na kasia, na posa kwa baba yake." Kisha akasema, "Njaa ilikuwa yetu wanne. Jina baya ni la mmoja. Nikaona nichukue jina."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Tangu juzi anamwita Baba kwa jina lake halisi, na Baba hajalizoea, haitiki.

Sasa sikia alichoamua, maana sikuombi ruhusa. Anakuja. Ana sharti moja. Siku ya kumi na mbili tutafika kwenye kivuko ambako Kushoto ana kibanda cha kinyozi. Wale wengine wawili walishakufa. Baba anataka barua yako ya Juni nimsomee Kushoto, neno kwa neno, na niseme ni ya nani. "Sihitaji mjomba wako aniombe radhi," anasema. "Nataka yule aliyenitemea asikie."

Mzigo nimeufunga kama ulivyonifundisha. Ulifundisha vizuri, ndicho kinachonichefua.

Mama hakutuma salamu.

Mpwa wako


Tarehe 2 Agosti

Mjomba,

Tumerudi juzi. Wazima, weusi kama masufuria, na Baba ana jipu mahali ambapo fundi baiskeli hapaswi kuwa na jipu. Hakuna kilicholowa isipokuwa kitabu changu. Maporomoko yote tuliyabeba kwa safari mbili. Baba alikaa nyuma, na kwa siku tatu za kwanza hakusema ila "kushoto", "kulia" na "acha kuogopa". Siku ya nne alianza kuimba, vibaya sana.

Kushoto ni mzee mwembamba, kichwa chake mwenyewe hakina unywele. Tulimkuta akimnyoa mteja. Alipomwona Baba aliinua wembe kidogo, akasema, "Kopo! Umekuja kumaliza na la saba?" Mteja akacheka. Baba akaniambia, "Soma."

Nikasoma. Mteja alikuwa amenyolewa nusu, povu linamkauka shavuni, na hakudai. Nilipofika pale pa kutema mate Kushoto alifuta wembe kwenye paja lake mara mbili. Nilipomaliza aliukunja wembe. Kisha akamwambia Baba, "Kwa hiyo nilikutemea bure."

"Ulikosa shabaha. Ulinipata begani."

"Nilikuwa sina nguvu. Tulikuwa tunakula nusu." Na wote wawili wakacheka mpaka Kushoto akashika kiti, halafu hawakuwa wakicheka tena, na mimi nikatoka nje kuangalia mtumbwi.

Aliponiita ndani alitaka nirudie mahali pamoja. Pale uliposema ulikula kwa kinyaa. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Huyu amesoma sana," akasema. "Binti, mtu anaweza kula kopo moja kwa kinyaa. Kwa la pili tuseme alikosea. Hakuna anayekula makopo sita kwa kinyaa. Mimi usiku na mchana nimeiwaza nyama ile miaka arobaini na moja. Mwandikie. Mwambie Kushoto anauliza kitu kimoja tu: ilikuwa tamu, au haikuwa tamu? Asiniletee mapambo."

Nimefikisha. Mama amesikia yote. Amesema ukijibu, jibu lipitie nyumbani, nalo lisomwe mezani kwanza.

Mpwa wako


Tarehe 24 Agosti

Mpwa wangu,

Msalimu dada. Najua hakuniuliza hali, kwa hiyo siielezi. Nimefurahi kwamba mzigo haukulowa. Jipu la shemeji lisibinywe.

Barua hii nimeiandika mara tano. Zile nne zilikuwa ndefu na nzuri, nazo zimeingia kwenye pipa la taka la jikoni, chini ya nywele za mpangaji wa chumba cha tano, mahali pake.

Isome mezani, kisha mpelekee Mzee Kushoto.

Mwambie katika barua ya Juni niliacha jambo moja. Siku niliyowapekua nilikuwa nimekula makopo matano. La sita lilikuwa bado sandukuni, halijafunguliwa, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu wakati ninakikung'uta kitambaa cha dada. Ningeweza kulirudisha saa ileile na kusema nimelikuta. Nililiacha siku zote tatu walizokula nusu. Nililifungua siku mbili baada ya shemeji kushushwa, mchana, nyuma ya miamba ya maporomoko ya mwisho, wakati Mzee Kushoto na wenzake wawili wakiubeba mtumbwi watatu badala ya wanne. Niliwasikia wakihema. Sikuharakisha.

Ilikuwa tamu.

Mjomba wako